Kwa nini kijiji kimoja hugeuka mji na kingine hubaki njia ya kupita

Vijiji viwili vinaweza kuwa na idadi ileile ya watu, shule ya aina moja na zahanati ya aina moja. Baada ya miaka ishirini, kimoja kina stendi, gesti na duka la pembejeo lililo wazi hadi usiku. Kingine bado kinafuata dawa ya mifugo mwendo wa saa mbili kwa bodaboda. Katika makala haya tunaeleza kinacholeta tofauti hiyo, kwa sababu kila kijiji kinapopanga mahali pa soko, zahanati au stendi, jambo hili ndilo linaloamuliwa.

Tuanze na idadi ya watu. Kwa sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Lindi una watu wapatao 18 tu kwa kila kilomita ya mraba. Dar es Salaam ina zaidi ya 3,000. Penye watu wachache hivyo mji haujiletei wenyewe, maana wateja wametawanyika.

Hesabu ya mwenye duka

Tuchukue mfano. Muuza vipuri vya pikipiki anahitaji wateja 40 kwa wiki ili alipe pango na apate chakula. Kijijini kwake wapo watano. Akifungua duka hapo, atalifunga. Lakini watu wa vijiji vinane wakizoea kufika mahali pamoja, wateja 40 wanapatikana bila idadi ya watu kuongezeka hata mmoja.

Mtaalamu wa jiografia wa Ujerumani, Walter Christaller, aliandika juu ya hesabu ya namna hii mwaka 1933, baada ya kuchunguza miji ya kusini mwa nchi yake. Alieleza kwamba kila huduma ina idadi ya wateja ambayo ikipungua huduma hiyo inakufa, na kila mteja ana umbali ambao hayuko tayari kuuvuka. Hakuna anayetembea nusu siku kwa ajili ya kiberiti. Lakini kwa cherehani, au kwa ng'ombe wa kuuza, mtu huondoka nyumbani alfajiri.

Gulio ni mji wa siku moja

Wakulima na wafugaji wetu wana dawa yao ya siku nyingi kwa tatizo hili: gulio na mnada. Watu wakiwa wachache, hukubaliana siku. Mfanyabiashara naye huzunguka, Jumatatu hapa, Jumatano kule, Jumamosi kwingine. Siku hiyo uwanja mtupu hugeuka mji, na jioni hubaki mtupu tena.

Baadhi ya magulio huota mizizi. Hutokea pale ambapo safari moja inamaliza shida nyingi. Mfugaji akishauza mbuzi ana pesa mkononi. Kama hatua chache kutoka mnadani kuna duka la dawa, mashine ya kusaga, fundi simu, wakala wa pesa na mama lishe, pesa ile inapita mikono mitano kabla haijaondoka. Kama mnada uko kilomita tatu kutoka madukani, lori linapakia, mnunuzi anaondoka, na kijiji kinabakiwa na vumbi.

Kongwa na Kibaigwa

Mfano mzuri uko Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapo mradi mkubwa wa karanga. Yaliletwa matrekta, zikajengwa nyumba za wataalamu na hospitali, na reli ikafikishwa. Kwa macho ulikuwa mji kamili. Lakini mvua zilikuwa haba, udongo ukakauka na kuwa mgumu kama saruji, na mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza makumi ya mamilioni ya pauni. Mishahara ilipokoma, wateja wakaondoka nayo. Kongwa ilipata uhai mpya baadaye kwa kuwa makao makuu ya wilaya, yaani pale watu wa vijiji vya jirani walipokuwa na sababu ya kwenda huko.

Kibaigwa, katika wilaya hiyohiyo, ilikua kwa njia nyingine. Iko kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, na mahindi ya Kongwa na Kiteto huteremkia hapo. Mkulima hukuta mnunuzi, mnunuzi hukuta lori. Palipo na gunia, patakuwa na mpimaji, mpakiaji, mwenye ghala, muuza chai na mwenye gesti. Leo Kibaigwa ina soko la nafaka linalojulikana nchini kote.

Tulijifunza jambo linalofanana na hilo wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970. Kuishi pamoja kulisogeza shule na maji karibu na kaya nyingi. Lakini kijiji cha wakulima watupu, wote wakiwa na mahindi yaleyale msimu uleule, hakiwezi kuwa soko lake chenyewe. Lazima aje mtu wa nje mwenye kununua, au mwenye kuuza wasichokuwa nacho.

Maswali ya kuuliza mkutanoni

Kwa sheria ya Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kusema. Likija suala la kujenga soko au stendi, tunashauri muulize haya:

Je, watu wa vijiji vingine wana sababu gani ya kuja hapa, na wanakuja siku gani?

Je, mama aliyeleta mtoto zahanati anaweza kusaga na kununua sabuni bila kupanda bodaboda tena?

Je, stendi mpya itakuwa karibu na soko, au itawaacha wauza mboga na mama lishe bila abiria?

Je, viwanja vya katikati watapewa watakaojenga na kufanya kazi, au watakaoviacha vichaka wakisubiri bei ipande?

Ni rahisi kupata eneo la bure pembezoni, na mara nyingi ndilo linalopendekezwa kwanza. Kabla hamjanyoosha mikono, hesabuni hatua kutoka hapo hadi mnadani. Jengo la soko likishawekwa mahali pabaya, halihamishiki kirahisi, na wauzaji watarudi kupanga nyanya barabarani, palipo na wateja.