Mikondo ya Data: Nani Amsubiri Nani?

Abiria amefungua programu ya kuita bodaboda. Simu yake inapokea mkondo wa data unaoonyesha alipo dereva, mwingine unaoonyesha alipo yeye mwenyewe, na wa tatu unaoleta ujumbe. Kila mkondo una mwendo wake. Dereva akipita penye mtandao hafifu, taarifa zake hukatika, kisha humiminika kwa mkupuo.

Kwa kazi ya kuunganisha mikondo kama hiyo, Microsoft ilitoa maktaba ya Rx (Reactive Extensions) mwaka 2009, iliyobuniwa na timu ya Erik Meijer. Mwaka 2013 Netflix ikatoa RxJava kwa watumiaji wa Java. Maktaba hizi zina njia nyingi za kuunganisha mikondo, na tofauti kubwa kati ya njia hizo ni moja: nani amsubiri nani?

Katika njia ya merge, hakuna amsubiriye mwenzake. Kilichofika kwanza hupita kwanza. Inafaa kwa ujumbe wa dereva na matangazo ya kampuni kwenye orodha moja. Katika concat, mkondo wa pili hungoja wa kwanza uishe. Ukitanguliza mkondo usiokoma, wa pili hautapata zamu kamwe.

Umbali kati ya dereva na abiria unahitaji combineLatest. Hii hungoja kila mkondo ulete thamani yake ya kwanza. Baada ya hapo, wowote ukibadilika, hesabu hufanywa upya kwa thamani za karibuni.

Wengi huteleza kwenye zip, ambayo huoanisha ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili. Tuseme dereva hutuma alipo kila sekunde 2, abiria kila sekunde 10. Dakika moja ikitimia, dereva ametuma mara 30, abiria mara 6. Jozi ya sita itaweka alipo abiria sasa pamoja na alipokuwa dereva sekunde 48 zilizopita, huku taarifa 24 zikirundikana kwenye kumbukumbu ya simu. Hakuna kosa litakaloonekana, ila ramani itasema uongo.

Kosa nalo lina tabia yake: kwa kawaida, mkondo mmoja ukianguka, muungano wote hukatika. Kwa hiyo dhibiti makosa ndani ya kila mkondo kabla ya kuunganisha.

Kabla ya kuandika msimbo, chora mstari wa wakati kwa kila mkondo, tia nukta data inapofika, kisha chini yake tia nukta unapotaka jibu litoke. Mchoro huo utakuonyesha nani asubiri.