Kukamilika si Kufaulu: Wakala wa Akili Bandia na Taarifa za Kazi Zinazojiendesha

Utangulizi

Makala haya yananuia kueleza jinsi programu ya akili bandia, ile iitwayo wakala kwa kuwa hutumwa na binadamu kutenda kwa niaba yake, inavyopata taarifa za kazi zinazojiendesha katika tarakilishi. Huenda msomaji akauliza: haya yanamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili? Yanamhusu kwa sababu faharasa, kamusi na matini za lugha yoyote zaweza kuhifadhiwa na kuchapishwa kwa njia hii, na asiyejua kuzisoma taarifa hizo huenda akachapisha makosa akidhani amechapisha usahihi. Isitoshe, kiini cha suala lenyewe ni tofauti ya maana baina ya vitenzi viwili.

Kazi inayojiendesha

Chukulia kuwa wanafunzi kadha wanaandaa faharasa ya istilahi za fasihi katika hifadhi ya GitHub. Huduma ya GitHub Actions, iliyotangazwa mwaka wa 2018, huwawezesha kuandika faili ya maagizo: kila mara istilahi inapoongezwa, tarakilishi iliyo mbali ikague tahajia, ipange maneno kialfabeti na kutoa kitabu. Msururu huo wa maagizo tutauita mtiririko wa kazi. Kila unapoendeshwa, hutokea utekelezaji mmoja. Uhusiano wao ni kama ule wa tamthilia na maonyesho yake: matini ni moja, ilhali kila onyesho lina siku yake na ajali zake.

Jinsi wakala anavyouliza

Modeli ya lugha, ikiwa peke yake, haijui yaliyotokea katika hifadhi hiyo asubuhi ya leo. Ikiulizwa bila zana, yaweza kubuni jibu linalopendeza sikioni. Mnamo Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ilitangaza Model Context Protocol, itifaki inayoweka utaratibu mmoja wa kuziunganisha programu za akili bandia na zana za nje. Mwaka wa 2025 GitHub ikatoa seva yake rasmi inayoufuata utaratibu huo.

Ili kupata taarifa, wakala hutaja mambo matatu: mmiliki wa hifadhi, jina la hifadhi na nambari ya kitambulisho cha utekelezaji. Asipokuwa na kitambulisho, huomba kwanza orodha ya utekelezaji wa karibuni. Seva hutumia idhini ya aliyemtuma, kisha hurejesha rekodi yenye jina la mtiririko, tawi, badiliko lililohusika, tukio lililouchochea, saa, na iwapo hilo ni jaribio la kwanza au la pili. Jambo hili la mwisho lisipuuzwe: utekelezaji ukirudiwa, kitambulisho hakibadiliki, bali nambari ya jaribio ndiyo huongezeka.

Hali na hitimisho

Rekodi hiyo ina sehemu mbili ambazo ni rahisi kuzichanganya. Ya kwanza ni hali: kazi ingali foleni, inaendelea, au imekamilika. Ya pili ni hitimisho, ambalo huwa tupu hadi kazi ikome. Hapo ndipo husemwa kuwa imefaulu, imefeli, imefutwa, imerukwa au imepitwa na muda. Kazi iliyofeli, basi, nayo pia huandikwa kuwa imekamilika.

Hapa ndipo lugha yetu inapodai uangalifu. Kitenzi kukamilika ni ndugu wa ukamilifu. Hubeba wazo la kutimia bila upungufu. Wakala akisoma hali peke yake na kutuambia kwa Kiswahili fasaha kuwa kazi imekamilika, tutaelewa kuwa mambo ni shwari, kumbe kitabu hakikutoka. Maoni yangu ni kuwa hali hiyo itafsiriwe imekoma, na neno kufaulu litengewe hitimisho.

Kutafuta chanzo

Rekodi ya utekelezaji husema kuwa kazi imefeli. Haisemi kwa nini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: wakala huomba orodha ya kazi ndogondogo, akatambua iliyofeli, kisha akasoma kumbukumbu zake, aghalabu mistari ya mwisho ambako kosa hujitokeza. Afanye hivyo mapema, kwani kwa kawaida kumbukumbu hizo huhifadhiwa kwa siku 90 tu.

Tahadhari mbili zafaa. Kwanza, wakala anayetumwa kusoma apewe idhini ya kusoma tu. Pili, kumbukumbu zaweza kuwa na maneno ya mtu asiyejulikana. Wakala ayachukue kama habari, si kama amri.

Hitimisho

Ni dhahiri kuwa zana hii humwondolea wakala kisingizio cha kukisia, lakini haimwondolei msomaji jukumu la kuhoji. Tunapoambiwa kuwa kazi imekwisha, tuulize: imekwishaje? Na wanaosomea Kiswahili wasisubiri wengine wawachagulie maneno ya kuulizia swali hilo.