Kamera Ndogo Chini ya Bahari

Leo tujifunze kutumia kamera ndogo ya kupigia picha chini ya bahari.

Kabla ya kununua, soma kina kilichoandikwa. Kamera ya Olympus TG-6, iliyotoka mwaka 2019, imeandikwa mita 15. Usizidishe. Maji yana uzito: ukifika mita 10, mgandamizo huwa karibu mara mbili ya ule wa juu ya maji. Ukitaka kwenda chini zaidi, itie kamera katika kasha lake la kuzuia maji.

Je, ni kitu gani kizuiacho maji? Ni pete nyembamba ya mpira penye mlango wa kamera au wa kasha. Unywele mmoja ukikaa juu yake, maji ya chumvi huingia, na fedha yako imepotea. Basi ifungulie mahali pakavu pasipo mchanga. Itazame pete, ipanguse, ndipo ufunge. Kasha lizamishe kwanza likiwa tupu. Likitoka kavu ndani, tia kamera.

Ukiwa majini, msogelee samaki hadi umbali wa mkono mmoja. Maji hufuta rangi, na nyekundu hutangulia kupotea. Lakini usikanyage matumbawe, kwani yana uhai na hukua polepole.

Ukitoka, iloweke kamera katika maji yasiyo na chumvi, uikaushe, ndipo uifungue.

Sasa jibu swali hili: kwa nini kasha huzamishwa kwanza likiwa tupu?