Moto Ukizuka Usiku, Nani Ana Ufunguo? Wajibu wa Wenye Nyumba za Kupangisha

Katika ploti nyingi za miji yetu, lango kuu hufungwa kwa kufuli saa nne usiku. Msimamizi huweka ufunguo mfukoni na kwenda kulala. Wapangaji nao hulala wakiwa na amani kwamba wezi hawataingia. Lakini usiku ambao moto utazuka, kufuli hilohilo ndilo litakalowazuia kutoka. Orofa nne, familia ishirini, ngazi moja, lango moja, na ufunguo mmoja ulio kwa mtu mmoja ambaye pengine usiku huo amesafiri.

Makala haya yanaeleza yale ambayo mwenye nyumba za kupangisha anapaswa kufanya kuhusu usalama wa moto, na jinsi mpangaji anavyoweza kufuatilia. Mengi kati yake hayahitaji fedha nyingi. Yote yanaanzia kwenye jambo moja: kila aliye ndani ya jengo aweze kutoka, saa yoyote, bila kumtafuta mtu mwenye ufunguo.

Kwa nini wajibu huu ni wa mwenye nyumba

Mpangaji anaweza kuzima jiko lake kabla ya kulala. Hawezi kupanua ngazi, kubadilisha nyaya zilizo ndani ya ukuta, kuondoa vyuma vya dirisha wala kufungua mlango wa dharura uliozibwa kwa matofali. Kwa hivyo kumbuka kanuni hii rahisi: kila kitu kinachotumiwa na wote, na kila kitu ambacho mpangaji haruhusiwi kukigusa, ni jukumu la mwenye nyumba. Kuajiri msimamizi au wakala wa kukusanya kodi hakumwondolei jukumu hilo.

Msingi wake uko katika sheria. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limeikabidhi serikali ya kaunti huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizochukua nafasi ya zile za 1968, zinagusa pia usalama wa moto katika majengo. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, mtu hawezi kujenga, kuongeza orofa au kugeuza matumizi ya jengo bila idhini ya kaunti. Anayeongeza orofa ya tano juu ya ramani ya orofa nne anaongeza pia watu watakaotegemea ngazi ileile.

Ikiwa orofa ya chini ina maduka, saluni au karakana, sehemu hizo ni mahali pa kazi. Zinafuata pia Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za 2007, ambazo zinataka ukaguzi wa usalama wa moto na mazoezi ya kutoka nje kila mwaka.

Moshi hufika kabla ya moto

Watu wengi hudhani hatari kubwa ni kuungua. Kwa kawaida moshi ndio unaoua kwanza. Vitu kama magodoro ya sponji, viti na mapazia hutoa moshi mzito wenye sumu vinapoungua. Mtu aliyelala anaweza kupoteza fahamu kabla hajauona mwale wenyewe.

Moshi wa moto hupanda juu. Katika jengo la orofa, ngazi hugeuka kuwa bomba la kutolea moshi. Moto ulioanza orofa ya chini unaweza kuziba njia ya walio orofa ya nne ilhali nyumba zao hazijaguswa. Ndiyo sababu mwenye nyumba anapaswa kuhakikisha yafuatayo:

- Ngazi na korido ziwe wazi wakati wote. Pikipiki, magodoro makuukuu, magunia ya makaa na mitungi ya gesi havikai hapo.
- Ngazi ziwe na matundu au madirisha ya kutolea moshi, yasiyozibwa ili kupata chumba kimoja zaidi cha kupangisha.
- Kuwe na taa zinazowaka hata umeme ukipotea. Moto mara nyingi hukata umeme, na watu hulazimika kushuka gizani.
- Alama za kuonyesha njia ya kutokea ziwekwe kila orofa, kwa maandishi yanayosomeka.
- Mlango wa dharura au ngazi ya pili, kama vimo katika ramani iliyoidhinishwa, vitumike kwa kazi hiyo tu. Visigeuzwe stoo.

Lango, kufuli na vyuma vya madirisha

Hapa ndipo wenye nyumba na wapangaji huvutana. Wapangaji wenyewe hudai vyuma vya madirisha na lango linalofungwa, kwa sababu wizi ni jambo wanaloliona kila mwezi, na moto huenda hawajawahi kuuona. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini nchi yetu imekwisha kupata funzo chungu. Mnamo Machi 2001, wanafunzi 67 walifariki katika moto wa bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma.

Si lazima kuchagua kati ya mwizi na moto. Fundi wa vyuma wa mtaani anaweza kufanya marekebisho haya:

- Kuweka kwenye lango komeo au kitasa kinachofunguliwa kwa mkono kutoka ndani, bila ufunguo, na kukikinga kwa bamba la chuma ili aliye nje asikifikie.
- Kutengeneza angalau dirisha moja katika kila nyumba lenye vyuma vya bawaba, vinavyofunguka kutoka ndani kama mlango mdogo.
- Ikiwa kufuli litaendelea kutumika kwa muda, kila familia ipewe nakala ya ufunguo, na nakala nyingine iwekwe karibu na lango ndani ya kisanduku chenye kioo cha kuvunja.

Umeme: pale hitilafu inapojificha

Nyaya nyingi katika nyumba za kupangisha ziliwekwa wakati mpangaji alikuwa na balbu mbili na redio. Leo mpangaji huyohuyo ana friji, pasi, jiko la umeme na kifaa cha kupasha maji ya kuoga. Hesabu ni rahisi. Kifaa cha kuogea cha wati 5,000 kikiunganishwa kwenye umeme wa volti 240 huvuta takriban ampea 21. Soketi ya kawaida ya ukutani imeundwa kubeba ampea 13. Waya uliolemewa hupata joto, plastiki yake hulainika, na siku moja hushika moto ndani ya dari ambako hakuna anayeona.

Mwenye nyumba anapaswa kutumia fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Kifaa cha kuogea kiwe na waya wake mnene na swichi yake ya usalama. Kila nyumba iwe na swichi kuu ambayo mpangaji anaifikia. Chumba cha mita kisitumiwe kuweka mifagio, rangi au mafuta ya taa. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, tatizo haliondoki kwa kuweka waya mnene zaidi mahali pa fyuzi. Kufanya hivyo ni kuondoa kinga na kuuacha ugonjwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Gesi na wapangaji wa orofa ya chini

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutanda sakafuni, hutambaa kwenye korido na mitaro, na hungoja cheche. Kwa hivyo jikoni kuwe na tundu la hewa karibu na sakafu pamoja na lile la juu. Mitungi ihifadhiwe ikiwa imesimama wima, mahali penye hewa, mbali na ngazi na njia ya kutokea.

Mwenye nyumba pia anawajibika kujua anayempangisha anafanya biashara gani. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mlipuko wa gesi katika eneo la Mradi, Embakasi, jijini Nairobi, uliwaua na kuwajeruhi watu na kuharibu nyumba na magari. EPRA ilisema ombi la kibali cha kituo cha gesi mahali hapo lilikuwa limekataliwa mara tatu mwaka 2023, na sababu mojawapo ilikuwa ukaribu wake na makazi ya watu. Mpangaji anayetaka chumba cha chini ili kuhamisha gesi kutoka mtungi mmoja hadi mwingine asipewe chumba hicho, hata akilipa kodi ya mwaka mzima.

Vifaa vya kuzimia moto

Mtungi wa kuzimia moto unafaa moto mdogo, dakika za kwanza tu. Wa poda kavu hutumika kwa moto wa aina nyingi. Wa kaboni dayoksaidi unafaa moto wa umeme, hivyo mahali pake ni karibu na chumba cha mita. Maji hayamwagwi kamwe kwenye moto wa umeme wala mafuta ya kupikia yanayowaka.

Weka mtungi mahali panapoonekana katika kila orofa, si ofisini kwa msimamizi palipofungwa. Uhudumiwe na fundi anayetambulika na uwe na kadi ya tarehe ya huduma ya mwisho. Mtungi uliopita muda wake ni mbaya kuliko kukosa mtungi, kwa sababu mtu hupoteza dakika za thamani akiuamini. Msimamizi na angalau mtu mmoja katika kila orofa wafundishwe kuutumia. Ongeza kengele au king'ora kinachosikika jengo zima. Vitambua moshi vinavyotumia betri husaidia sana, hasa penye watoto na wazee.

Gari la zimamoto lipate njia

Mara nyingi wazimamoto hulaumiwa kwa kuchelewa, kumbe gari limekwama mita mia moja kutoka kwenye moto. Vibanda vimejengwa barabarani, magari yameegeshwa pande zote mbili, na waya umening'inia chini. Mwenye nyumba asijenge hadi kwenye barabara ya umma, na asiruhusu magari kuegeshwa mbele ya lango. Nambari ya ploti na jina la jengo viandikwe kwa herufi kubwa mahali panapoonekana kutoka barabarani. Jengo likiwa na tangi la maji, pawe na bomba ambalo wazimamoto wanaweza kulifikia.

Ukaguzi

Usingoje ilani. Mwenye nyumba anaweza kuiomba idara ya zimamoto ya kaunti imkagulie jengo. Ada za huduma za kaunti huwekwa kupitia Sheria ya Fedha ya kaunti. Lipa kwa njia rasmi za malipo pekee na udai risiti. Afisa akija, mwombe kitambulisho cha kazi. Mwonyeshe ramani iliyoidhinishwa, stakabadhi za fundi wa umeme na kadi za mitungi ya kuzimia moto. Kasoro zikitajwa, omba ziandikwe, kisha anza na zile zinazozuia watu kutoka. Rangi ya ukuta inaweza kungoja mwaka ujao; lango haliwezi.

Mpangaji naye

Mpangaji ana sehemu yake. Asiweke vitu vyake kwenye ngazi. Asiunganishe vifaa vikubwa kwenye soketi moja ya nyongeza. Asiache mshumaa au jiko likiwaka akilala, na awafundishe watoto njia ya kutoka. Akinusa gesi, afunge valvu ya mtungi, afungue milango na madirisha, na asiguse swichi yoyote ya umeme, hata kuizima.

Ukiona kasoro, mwandikie mwenye nyumba barua au ujumbe wa simu na uhifadhi nakala. Malalamiko ya wapangaji kumi waliotia sahihi kwa pamoja ni vigumu kupuuzwa kuliko ya mmoja. Hatua isipochukuliwa, pelekeni nakala hiyo kwa idara ya zimamoto au kwa ofisi ya msimamizi wa wadi.

Moto ukizuka

Piga kelele na ugonge milango ya majirani. Toka na ufunge mlango nyuma yako bila kuutia kufuli, kwani mlango uliofungwa huchelewesha moto na moshi. Usitumie lifti. Penye moshi, inama au utambae, kwa kuwa hewa safi hubaki karibu na sakafu. Ngazi zikiwa zimejaa moshi, rudi ndani, ziba chini ya mlango kwa nguo zilizoloweshwa na uite msaada dirishani. Piga simu 999 au 112, na ubandike ukutani nambari ya kituo cha zimamoto kilicho karibu nawe. Taja mtaa, jina la jengo, na kama kuna watu waliokwama. Ukishatoka, usirudi kuchukua kitu.

Mwenye nyumba, leo usiku baada ya lango kufungwa, fanya jaribio moja. Simama orofa ya juu kabisa, zima taa, kisha shuka hadi barabarani bila kumwita mtu yeyote. Kama umekwama kwenye pikipiki, umepapasa gizani au umesimama mbele ya kufuli, basi umeona watakachokutana nacho wapangaji wako. Kesho asubuhi, mwite fundi.