Fahamu: Funguo za kuingilia seva ya pamoja

Mjini Moshi, ambako wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925 na Chuo cha Ushirika kikafunguliwa mwaka 1963, vijana waandikao programu kwa moyo huohuo wa ushirikiano hawana budi kuijua zana iitwayo Git, iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005 ili kuhifadhi historia ya kila badiliko. Atakaye idhini ya kuingia seva ya pamoja yanakohifadhiwa mabadiliko hayo hutengeneza, kwa amri ya ssh-keygen, jozi ya funguo: ule wa hadhara, wenye kiishio .pub, humkabidhi msimamizi, naye huuandika katika faili la authorized_keys; ule wa siri hubaki katika kompyuta yake, umelindwa kwa nywila, wala hapewi mtu, hata akiwa sahibu. Nausisitiza utaratibu huu kwa dhati, kwani panapotumiwa nywila moja na wote haijulikani kwa hakika ni nani aliyeleta badiliko lipi, ilhali kwa funguo, mmoja akiondoka, hufutwa mstari wake tu, wenziwe wasitaabike.