Bunduki ndogo isiyotaka mzaha

Tangu Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Watu walimwona kwenye televisheni Swapnil Kusale wa India, kijana aliyekuwa mkaguzi wa tiketi katika shirika la reli la nchi yake, akipata medali ya shaba katika kulenga shabaha umbali wa mita 50. Walimwona akipiga magoti, akilala kifudifudi, kisha akisimama, na mkononi ana kitu ambacho hakikufanana na bunduki yoyote waliyozoea kuiona kwa askari au kwa mlinzi wa benki. Wakaniuliza: ile ni bunduki kweli? Na mtu huichaguaje?

Ni bunduki kweli, na ni miongoni mwa zile ndogo katika jamii ya raifali. Kipenyo chake ni .22, yaani sehemu 22 za mia za inchi, ambayo ni kama milimita 5.6. Risasi inayotumiwa, ijulikanayo kwa jina la Long Rifle, ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887 na umbo lake halijabadilika sana mpaka leo. Wavulana wa mashambani huko Marekani hufundishwa kwayo kupiga mikebe, na bingwa wa dunia hushindania medali kwa risasi ya umbo lile lile. Kinachotofautiana ni uangalifu wa kiwandani, na hapo ndipo penye maelezo yote ya leo.

Katika risasi kubwa, za kijeshi kwa mfano, fataki ni kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda, na pini ya bunduki hugonga hapo katikati. Ganda la .22 halina kikombe hicho. Lina ukingo uliojitokeza kama ukingo wa sahani, nao kwa ndani ni mtupu. Kiwandani hutiwa humo kemikali ya kulipuka ingali mbichi, kisha ganda huzungushwa kwa kasi ili kemikali isambae na kuujaza ukingo wote. Pini ikigonga ukingo, ganda hubonyea, kemikali hubanwa na kuwaka, na baruti hushika moto.

Ni ufundi rahisi na wa gharama ndogo, ndiyo maana risasi hizi zimekuwa nafuu miaka yote. Lakini una kasoro yake. Kemikali isiposambaa sawasawa, ganda moja litawaka kwa nguvu zaidi kuliko jingine. Na kwa kuwa baruti iliyomo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya gramu, tofauti ndogo huonekana mara moja: risasi iliyotoka polepole hupiga chini, iliyotoka kwa kasi hupiga juu. Mwenye bunduki kubwa anaweza kujaza maganda yake mwenyewe nyumbani, akapima baruti mpaka aridhike. Ganda la .22 likishalipuka limekwisha kazi. Mpigaji hana la kurekebisha, ana la kuchagua tu.

Sasa tazama anachotakiwa kufanya kwa risasi hiyo. Duara la kumi, lile la katikati, lina upana wa milimita 10.4 tu, nawe uko mita 50, nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Upepo wa kawaida unaotikisa matawi madogo waweza kuisukuma risasi sentimita mbili au zaidi kabla haijafika, kiasi cha kukutoa kabisa katika kumi.

Hapo ndipo wengi huanza kutafuta bunduki ya bei kubwa. Mimi nasema waanze na risasi. Mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja siku moja haipendi risasi moja. Mmoja utapiga vizuri kwa risasi za Eley, za Birmingham huko Uingereza, wa pili utazikataa na kupiga vizuri kwa za Lapua au RWS, ambazo hutengenezwa Ujerumani. Na si jina la kampuni tu. Kila boksi lina namba ya toleo, na matoleo mawili ya risasi zenye jina lile lile na bei ile ile hutofautiana katika mtutu mmoja. Aliyewahi kujenga nyumba analijua jambo hili: unanunua vigae vya sakafu, vinakupungukia, unarudi dukani kununua vingine vya jina lile lile, ukivipanga unakuta rangi si moja.

Kwa sababu hiyo watengenezaji hao wana vyumba maalumu vya majaribio. Mpigaji hupeleka bunduki yake, inabanwa katika jiliwa isitikisike, kisha hupigwa toleo moja baada ya jingine na mitambo ikipima ukubwa wa kila kundi la matundu. Toleo likipendwa na mtutu, mwenye uwezo hununua maelfu ya risasi za namba hiyo ayaweke ya msimu mzima. Asiye na uwezo hufanya kidogo kidogo: hununua boksi moja moja za aina tano au sita, akaweka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, akapiga makundi ya risasi tano tano kwa kila aina. Ni vizuri baada ya kubadili aina apige kwanza kumi au zaidi za kupoteza, kwa sababu risasi hizi hupakwa nta, na nta mpya huchukua muda kukubaliana na mtutu.

Hapo nawaonya juu ya ujanja mmoja wa wauzaji, na wa marafiki vilevile. Atakuonyesha karatasi yenye matundu matano yaliyoingia katika tundu moja, aseme bunduki yake hupiga hivyo. Labda ilipiga hivyo siku moja. Mwambie akuonyeshe makundi kumi mfululizo, yakiwemo mabaya.

Jambo jingine ni mwendo wa risasi. Ganda limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba risasi yake ina kasi ya ziada, na mnunuzi hufurahi. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Risasi ya kasi hutoka ikiwa mbele ya sauti, kisha njiani hupungua na kuvuka mpaka huo kurudi nyuma, na katika kuvuka huko huyumbishwa. Ndiyo maana risasi za mashindano hutengenezwa ziende taratibu, chini kidogo ya mwendo wa sauti, tangu zinapotoka mtutuni. Polepole hiyo ndiyo hununuliwa kwa fedha nyingi zaidi.

Tukija kwenye bunduki yenyewe, yapo makundi mawili. Ipo inayojipakia, ambayo ukifyatua hutupa ganda na kuingiza risasi nyingine bila wewe kugusa kitu. Maarufu zaidi ni Ruger 10/22 ya Marekani, iliyotoka mwaka 1964. Hiyo ni ya raha na ya kupiga mikebe, ingawa wapo mafundi huko wanaoibadilishia mtutu na kifyatulio mpaka ikashangaza watu. Na ipo ile ya komeo, ambayo kila risasi huisukuma ndani kwa mkono. Anayetaka shabaha ya uhakika bila kufilisika, mimi ningemwelekeza kwenye hii ya pili. CZ za Jamhuri ya Czech zina sifa nzuri kwa bei ya mtu wa kawaida. Juu kabisa wako akina Anschütz wa Ulm, Ujerumani, ambao kampuni yao ilianza mwaka 1856 na ambao bunduki zao zimejaa katika mistari ya Olimpiki. Zile zenye vyuma vya kurefusha na kufupisha kila upande, ambazo zaweza kufika kilo 8, hazikutengenezwa hivyo kwa urembo. Kitako hurekebishwa kikae begani na shavuni pale pale kila mara, ili jicho lirudi nyuma ya kilengeo mahali pale pale.

Kitu ambacho mnunuzi mgeni hakitazami ni kifyatulio. Kikiwa kizito na cha kukwaruza, kidole kinapovuta huivuta bunduki nzima. Kizuri huachia kama ukingo wa kioo unaokatika, ghafla, bila kukutahadharisha. Lakini wepesi huo nao una hatari zake, na mwenye kuzijua ni Matthew Emmons wa Marekani.

Habari zake nazipenda, mtanivumilia. Miezi michache kabla ya Athens 2004 aligundua kwamba mtu ameiharibu bunduki yake kwa makusudi. Akaazima ya mwenzake, na kwa bunduki ya kuazima akachukua dhahabu katika shindano la kulala. Siku chache baadaye, katika mikao mitatu, alikuwa anaongoza na risasi moja imebaki. Alihitaji pointi 7.2 tu. Akalenga, akapiga vizuri, lakini shabaha ya mpigaji wa jirani! Akapewa sifuri, akaanguka mpaka nafasi ya nane. Beijing 2008 akarudi, akaongoza tena, imebaki moja tena. Kidole kikagusa kifyatulio kabla hajawa tayari, akapata 4.4, medali ikapotea. London 2012 akapata shaba. Katika mkasa wa Athens alikuja kumfariji mpigaji wa kike wa Jamhuri ya Czech, Kateřina Kůrková, nao wakaoana baadaye. Basi hakurudi mikono mitupu. Tazameni lakini: dhahabu aliipata kwa bunduki isiyo yake, na mbili alizikosa huku bunduki ikiwa nzima kabisa.

Niliwahi kukaribishwa katika klabu moja ya shabaha nchini Uingereza. Mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, alikuwa na BSA ya zamani kuliko umri wangu, rangi imemtoka yote kitakoni, nacho akiwa amekiviringishia kitambaa. Akawapita vijana wenye vyuma vipya. Nilipomuuliza siri akanionyesha daftari. Humo kila toleo la risasi alilowahi kutumia, siku, baridi au joto, na matokeo. Miaka zaidi ya 20 ya maandishi.

Kuhusu uwindaji nitasema machache lakini kwa mkazo. Bunduki ya .22 ni ya sungura na kindi. Huko Uingereza wakulima hupunguza kwayo sungura wanaokula mazao, na Marekani kindi ni kitoweo cha siku nyingi. Si ya swala, na anayempiga swala kwa .22 anampeleka akafie vichakani siku mbili baadaye akiwa na maumivu. Hata kwa sungura, kipimo ni shabaha yako wewe, si ya bunduki. Sehemu ya kichwa inayomwangusha papo hapo haizidi sana upana wa sarafu kubwa. Kama kwenye karatasi, ukiwa umetulia, makundi yako ya mita 50 yanazidi sentimita 3, basi 50 si umbali wako. Sogea mpaka 30. Na jua kwamba bunduki iliyorekebishwa kwa mita 50 hupiga chini kwa sentimita 15 hadi 20 ukifika mita 100. Huo ni urefu wa sungura mwenyewe na zaidi ya urefu wake akiwa amelala.

Kwetu mambo yana mipaka yake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani tangu mwaka 1977. Tanzania uwindaji upo, ila leseni ya silaha, chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015, ni karatasi moja, na kibali cha kumwinda mnyama ni karatasi nyingine. Anayedhani hii ni ndogo mno kuhitaji karatasi atajieleza mahakamani.

Wala asiiite ya watoto. Robert Kennedy aliuawa mwaka 1968 kwa bastola ya .22, na Rais Reagan alijeruhiwa vibaya mwaka 1981 kwa bastola ya .22. Risasi yake ikielekezwa angani inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikigonga maji au ardhi ngumu huruka na kwenda usikotazamia. Kabla ya kufyatua, tafuta kwanza kilicho nyuma ya shabaha. Kichuguu kikubwa ni kizuri. Sungura aliyesimama juu ya kilima, nyuma yake mbingu tupu, mwache aende zake.

La mwisho ni la mikono. Risasi hizi ni madini ya risasi matupu, na fataki nyingi zina madini hayo hayo, hivyo moshi wake ni sumu. Katika ukumbi wa kulengea usio na hewa ya kutosha, wapigaji na wasimamizi wamewahi kupata sumu hiyo damuni. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula, na nguo ulizopigia usimpakatie mtoto nazo.