Muscat: Je, gari lako linahitaji kukazwa bodi?

Wadi Kabir, mjini Muscat, ni mtaa unaojulikana kwa gereji na maduka yake ya vipuri. Miongoni mwa bidhaa zinazowavutia vijana wapenda magari ni pau za chuma au alumini, zinazofungwa chini ya boneti au chini ya sakafu ya gari ili kuikaza bodi isijipinde. Lakini je, msikilizaji, pau hizo zinafanya kazi gani hasa, na ni nani anayezihitaji?

Magari mengi madogo ya kisasa hayana chasisi iliyo mbali na bodi. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Gari linapokata kona kwa kasi, kwa mfano katika miinuko mikali ya barabara ya mlimani kati ya Bausher na Amerat, nguvu kutoka kwenye matairi hupanda hadi kwenye minara miwili ya bati iliyo chini ya boneti, ambako shokapu za mbele zimefungwa. Minara hiyo husogea kidogo sana, lakini inatosha kubadilisha namna tairi linavyokaa barabarani. Upau unaoiunganisha huifanya isukumane, na dereva huhisi usukani unaitika haraka zaidi.

Faida hiyo ni kubwa katika magari ambayo shokapu na springi vimeunganishwa na kufungwa kwenye mnara. Katika magari ambayo mikono ya chini na ya juu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya nguvu za kona, upau wa juu huleta mabadiliko madogo tu. Ama magari makubwa kama Toyota Land Cruiser na Nissan Patrol, yanayopendwa sana Oman, mengi yana fremu nzito chini ya bodi, na hayo ni mlango mwingine kabisa.

Ugonjwa au dalili?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Joto la Muscat, ambalo wakati wa kiangazi huvuka nyuzi 40, hukausha mpira. Bushi hupasuka, shokapu huchoka, na gari huanza kuyumba na kugonga. Mwenye gari hudhani bodi imelegea, akanunua upau. Fedha imekwenda, na kasoro imebaki palepale.

Kwa hiyo mpangilio unaofaa ni huu: kwanza matairi, kisha bushi na shokapu, kisha kupimwa kwa mlingano wa magurudumu. Baada ya hapo, bodi yenyewe ichunguzwe. Njia rahisi ni kuinua pembe moja ya mbele kwa jeki, katika sehemu iliyowekwa na mtengenezaji, bila mtu yeyote kuingia chini ya gari. Ikiwa mlango uliokuwa ukifunguka vizuri sasa unakwama, bodi inajipinda. Na ikiwa gari liliwahi kupata ajali, huenda bati limeoza au limeungwa vibaya. Hapo dawa ni ukarabati, wala si upau.

Kuchagua na kufunga

Upau mzuri ni ule ulionyooka, usio na mikunjo mingi wala viungo vinavyocheza kwenye ncha zake. Unene wa vibao vinavyoshika mnara ni muhimu kuliko rangi ya kung'aa. Kwa pau za chini, ni lazima kufikiria matuta ya mitaani na njia za mawe za mabondeni: upau unaoning'inia utagongwa.

Wakati wa kufunga upau wa juu, gari lisimame mahali tambarare, uzito wote ukiwa juu ya magurudumu. Nati ndogo zinazozunguka kichwa cha shokapu ndizo zinazofunguliwa. Nati kubwa ya katikati isiguswe kamwe, kwani ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa, na ikifyatuka inaweza kuua. Upau unaorefushwa kwa kuzungushwa uzungushwe hadi uondoe ulegevu tu. Nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, na zikaguliwe tena baada ya siku chache za kuendesha. Boneti ishushwe taratibu, ili kuhakikisha haigusi upau.

Tahadhari

Upau wa kufunga kwa nati unaweza kuondolewa. Kuchomelea ni jambo jingine. Chuma chenye nguvu nyingi kinachotumika katika nguzo za magari ya kisasa hupoteza uimara kikipata moto wa kuchomelea. Vilevile, sehemu ya mbele ya gari imeundwa ibonyee wakati wa ajali ili abiria wasalimike. Anayeikaza ovyo anaihamishia nguvu hiyo kwenye vifua vyao.

Ni kweli kwamba magari ya mashindano, kama yale ya Safari Rally ya Kenya, huimarishwa kwa keji ya mabomba. BMW aliyoendesha Ahmad Al Harthy wa Oman mwaka 2024 katika mashindano ya dunia ya mbio ndefu, pamoja na Valentino Rossi, nayo ilikuwa na keji. Lakini madereva hao huvaa helmeti na kufungwa mikanda maalumu. Katika gari la kwenda kazini, bomba lililo karibu na kichwa kisicho na helmeti ni hatari.

Mwisho, sheria ya Oman hairuhusu gari kubadilishwa muundo wake bila idhini ya Polisi. Ni busara kuuliza kabla ya kununua, na kuijulisha kampuni ya bima pia. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kwa mwenye gari, heri kuchelewa gereji kuliko kuwahi kwenye kona.